Nyumba Imepatikana, Mwenyewe Hajapatikana: Ziara ya Kiwanja cha Hideyoshi Mlimani Azuchi

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu, na ndugu wasikilizaji,

Nimeombwa nizungumze juu ya ziara niliyoifanya katika mlima wa Azuchi, mkoani Shiga, nchini Japani, na hasa juu ya kiwanja kimoja kilichopo mkono wa kushoto mtu aupandapo mlima huo kwa njia yake kuu. Kibaoni pameandikwa kwamba hapo ndipo yalipokuwa makazi ya Hashiba Hideyoshi, yule samurai aliyezaliwa katika jamaa duni ya jimbo la Owari na hatimaye akaitawala Japani yote. Lakini mbele ya jina lake imetangulia herufi moja inayotamkwa “den”, ambayo mgeni mwenye haraka huipita bila kuiona. Maana yake ni kwamba habari hii imepokewa kwa masimulizi. Kwa lugha yetu tungesema “inasemekana”. Mhadhara wangu wa leo ni juu ya herufi hiyo, kwa sababu naamini kwamba asiyeielewa huondoka Azuchi akiwa amepiga picha mahali ambapo hajui ni wapi.

Kwanza niwaeleze mahali penyewe. Mlima Azuchi si mrefu, kwani una mita 199 tu juu ya usawa wa bahari, na siku hizi umezungukwa na mashamba ya mpunga. Ila zamani maji ya Ziwa Biwa yalifika karibu na miguu yake, hata ukawa kama rasi. Hapo ndipo Oda Nobunaga, mtawala wa kivita aliyekuwa bwana wa Hideyoshi, alipoanza kujenga ngome yake mwaka 1576, akimweka Niwa Nagahide kuwa msimamizi wa kazi, na mwaka 1579 akahamia katika mnara mkuu uliokuwa kileleni. Hakuukalia kwa muda mrefu. Mwaka 1582 Akechi Mitsuhide, mmoja wa wakuu wake mwenyewe, alimwasi na kumshambulia katika hekalu la Honnoji mjini Kyoto, naye akafa humo. Majuma mawili hivi baadaye mnara ule uliteketea kwa moto. Moto ulikula sehemu ya juu ya ngome. Nyumba za chini hazikuangamia siku hiyo, na ngome iliendelea kutumika kwa kiasi mpaka ilipoachwa mwaka 1585, ilipojengwa ngome nyingine ya Hachimanyama karibu na hapo.

Kutoka kituo cha treni cha Azuchi nilitembea kwa miguu nusu saa hivi, nikafika penye lango la kulipia. Mlima ni milki ya hekalu la Sokenji, ambalo Nobunaga mwenyewe alilianzisha ndani ya ngome, na mgeni hulipa kiingilio. Msilalamikie ada hiyo, kwa maana ina asili yake: katika mwaka mpya wa 1582 Nobunaga aliwaruhusu watu waje kuitazama ngome kwa sharti kwamba kila mmoja alete sarafu mia moja za mon, naye, kwa habari tulizo nazo, alizipokea kwa mkono wake na kuzitupa nyuma yake. Watu walikuwa wengi mno siku hiyo hata ukuta mmoja wa mawe uliporomoka, na baadhi yao wakafa.

Baada ya lango unaikuta njia kuu, na hii ndiyo inayowashangaza watu. Ngome za Kijapani kwa kawaida huwa na njia za kupinda-pinda ili adui asipande moja kwa moja, lakini hapa njia pana ya ngazi za mawe inapanda moja kwa moja kwa urefu wa mita 180 hivi bila kugeuka. Ilikuwa imefukiwa na udongo na miti kwa karne nyingi, mpaka mkoa wa Shiga ulipoanza uchimbaji mkubwa mwaka 1989, kazi iliyoendelea kwa takribani miaka ishirini. Kushoto kuna kiwanja kinachohusishwa na Hideyoshi, na kulia, ng’ambo ya ngazi, kuna kinachohusishwa na Maeda Toshiie, mkuu mwingine wa Nobunaga. Juu kidogo upande huo huo wa kulia kuna kingine kinachotajwa kuwa cha Tokugawa Ieyasu, mshirika wa Nobunaga, ambako sasa limesimama jengo la hekalu lililojengwa mwaka 1932. Vyote vitatu vina ile herufi “den”.

Niliingia kushoto. Makazi hayo yamegawanyika katika viwanja viwili, kimoja juu na kimoja chini, vyote vimesawazishwa ubavuni mwa mlima na kuzuiwa kwa kuta za mawe yasiyochongwa sana. Mlangoni mwa kiwanja cha chini palisimama lango la ghorofa, yaani chini mlango na juu chumba cha ulinzi kilichovuka kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Malango ya namna hii ni ya kawaida katika ngome za baadaye, lakini hili linahesabiwa miongoni mwa yaliyo ya kale kabisa kujulikana. Ndani ya lango unapanda ngazi chache, na mbele yako ni mahali lilipokuwa banda la farasi.

Naomba nikae kidogo hapa, kwa maana banda hilo lilinivutia kuliko kitu kingine chochote. Lilikuwa na nafasi ya farasi sita, na pamoja nao chumba cha samurai wa kungoja zamu. Mbali na banda hilo kiwanja chote cha chini kilikuwa uwanja mtupu. Wanaakiolojia waliyajua haya kutokana na mawe ya msingi, yale mawe bapa yaliyowekwa chini ya kila nguzo ili mti usioze kwa kugusa udongo. Jengo la mbao likiisha kuanguka na kuoza, mawe yake hubaki yamejipanga kama yalivyokuwa, na mtaalamu akipima nafasi kati ya jiwe na jiwe huweza kukuambia chumba kilianzia wapi na kuishia wapi. Nilisimama mbele ya mawe hayo nikahesabu vizimba vya farasi, na nakiri kwamba kwa dakika chache nilisahau kabisa kuuliza farasi hao walikuwa wa nani.

Nyuma ya kiwanja, chini ya ukuta, kuna ngazi nyembamba ya kupandia mlango wa nyuma wa kiwanja cha juu. Huko ndiko alikoishi bwana mwenyewe. Mlango wake rasmi ulielekea njia kuu, na pembeni palikuwa na mnara wa ulinzi. Ukiingia unakuta jiko mkono wa kulia, kisha baraza la kupokelea wageni, kisha nyumba kuu, na nyuma yake jiko la ndani. Majengo matatu yaliyounganishwa yalichukua eneo la meta za mraba 366. Kwa nyumba iliyojengwa ubavuni mwa mlima, ambako kila hatua ya ardhi tambarare ilibidi ipatikane kwa kukata na kujaza, hiyo si nyumba ya mtu mdogo.

Basi nyumba tumeipata, tena kwa ushahidi wa kutosha. Jina la mwenyewe tumelipata wapi?

Majina ya viwanja hivi yanatoka katika ramani za kale za mlima, na iliyo kongwe kati ya ramani hizo, ambayo imehifadhiwa na hekalu la Sokenji, ilichorwa mwaka 1687. Mnaona tatizo lilipo. Ngome iliachwa mwaka 1585, kwa hiyo mchoraji aliandika majina ya watu waliokuwa wamekufa zamani, juu ya nyumba ambazo hakuna mtu hai aliyekuwa ameziona zimesimama. Sisemi kwamba alibuni. Inawezekana kabisa kwamba wanakijiji na watawa walirithishana majina hayo kwa ukweli. Lakini inawezekana vilevile kwamba katika muda wa miaka mia moja majina makubwa yalivuta viwanja vikubwa, kama ilivyo desturi ya masimulizi kila mahali, ambapo magofu mazuri hayakosi kupewa mfalme.

Kuna picha moja ambayo huenda ingetuamulia. Nobunaga alimwagiza mchoraji wa ukoo wa Kano achore ngome na mji wa Azuchi kwenye viambaza vya kukunja, na mwaka 1581 akampa zawadi hiyo Alessandro Valignano, mkaguzi wa Wajesuiti, yaani wamisionari wa shirika moja la Kikatoliki. Viambaza hivyo vilifika Roma mwaka 1585 pamoja na vijana wanne wa Kijapani waliotumwa kwa Papa, vikawekwa Vatikani, kisha vikapotea, na wanaovitafuta hawajavipata mpaka leo. Vijana wale, nikumbushe kwa kuwa tupo Afrika Mashariki, walipokuwa wakirudi kwao walikwama miezi kadhaa katika Kisiwa cha Msumbiji wakingoja pepo.

Sasa tuwapime wenye majina mmoja mmoja. Kwa Ieyasu mimi nina shaka kubwa, na sababu yangu imo katika masimulizi ya maisha ya Nobunaga yaliyoandikwa na Ota Gyuichi, aliyekuwa mpiga upinde wake. Ota anaeleza kwamba katika mwezi wa tano wa mwaka 1582, kwa kalenda yao, Ieyasu alikuja Azuchi kama mgeni wa heshima, na akalazwa mahali panapoitwa Daihobo. Mtu mwenye nyumba yake mlimani, hatua chache kutoka njia kuu, kwa nini alazwe kwingine? Tena Ieyasu alikuwa mshirika mwenye nchi yake huko Mikawa, wala hakuwa mtumishi wa kukaa mlangoni kwa Nobunaga.

Kwa Hideyoshi hali ni tofauti. Yeye alikuwa mtumishi hasa wa Nobunaga, na ngome yake ya Nagahama ilikuwa kwenye ufuko wa ziwa lile lile, upande wa kaskazini. Nobunaga naye alisisitiza kwamba watu wake wahamie kweli. Mwanzoni mwa mwaka 1578 nyumba ya mpiga upinde mmoja aitwaye Fukuda Yoichi iliungua mjini Azuchi, na uchunguzi ulipofanywa ikajulikana kwamba moto ulitokea kwa sababu mkewe hakuwepo. Alikuwa amemwacha kijijini. Nobunaga aliamuru orodha itengenezwe, wakapatikana watu 120 wenye kosa hilo, wapiga upinde 60 na wapanda farasi 60. Akaagiza nyumba zao za Owari zichomwe moto ili wake na watoto wasiwe na pa kubaki, na wenyewe wakaadhibiwa kwa kujenga barabara kando ya maji. Ikiwa mpiga upinde wa kawaida hakuruhusiwa kuwa na mguu mmoja nje, mtu wa cheo cha Hideyoshi bila shaka alitakiwa awe na nyumba Azuchi.

Hata hivyo kusema kwamba alikuwa na nyumba Azuchi ni jambo moja, na kusema kwamba nyumba yenyewe ni hii yenye farasi sita ni jambo la pili, na wengi wetu huvuka kutoka la kwanza kwenda la pili bila kulipa ushuru. Mawe yanaweza kusema cheo cha mtu, lakini hayawezi kusema jina lake. Kwa jina ungehitaji barua, au kibao cha mbao chenye maandishi, na kiwanja hiki hakijatoa kitu cha namna hiyo kitakachomaliza hoja. Tena tangu mwaka 1577 Hideyoshi alikuwa vitani magharibi, huko Harima na kwingineko, kiasi kwamba hata kama nyumba ilikuwa yake, usiku aliolala humo haukuwa mwingi. Maoni yangu, nanyi mko huru kuyakataa, ni kwamba kibao kimeandikwa vizuri jinsi kilivyo, na kosa linaanza pale waandishi wa vitabu vya wasafiri wanapoifuta herufi ile ya kwanza.

Kuna mtu mwingine ambaye nisingeweza kupanda mlima ule bila kumkumbuka. Mwaka 1581 Valignano alifika kwa Nobunaga akiwa na mtu mweusi, ambaye Nobunaga alimpenda akamchukua, naye akaitwa Yasuke. Maelezo ya Kijesuiti ya mwaka 1627 yanamtaja kuwa alitoka Msumbiji, ingawa wataalamu hawajakubaliana kuhusu asili yake, wala kama inafaa kumwita samurai. Lakini nakala moja ya masimulizi ya Ota inasema waziwazi kwamba alipewa posho, upanga mfupi wenye ala ya kupambwa, na nyumba yake mwenyewe. Nakala hiyo imehifadhiwa, kwa bahati ya ajabu, katika maktaba ya ukoo wa Maeda, wazao wa yule Toshiie ambaye kiwanja chake kinadhaniwa kuwa ng’ambo ya ngazi. Kwa hiyo mlimani ipo nyumba iliyothibitika ambayo mwenyewe ni wa kukisiwa, na kitabuni yumo mwenye nyumba ambaye kiwanja chake hakuna aliyekikisia hata kwenye ramani ya 1687.

Niliposhuka jua lilikuwa limeinama, na nilishuka polepole kwa sababu ya jambo ambalo vibao vinamwonya kila mgeni. Wajenzi wa Nobunaga walikuwa na haraka na uhaba wa mawe, hivyo waliweka katika ngazi hata sanamu ndogo za Buddha na mawe ya makaburi, uso juu, zikanyagwe na kila apitaye. Leo zimezungushiwa alama ili zisikanyagwe, na mbele ya baadhi yake watu huacha sarafu. Mwanamke mzee aliyekuwa mbele yangu alisimama penye kila moja, akainama, kisha akaipita kwa pembeni. Penye kibao cha Hideyoshi hakusimama.

Asanteni kwa kunisikiliza. Niko tayari kwa maswali.