Umbo la Figo Linachapika, Figo Bado

Walimu wenzangu, wanafunzi, na ninyi mliowahi viti vya karibu na feni, habari za jioni.

Kila nikisema kuna printa zinazochapa nyama hai ya mwili, naulizwa lilelile: figo zitatoka lini? Naelewa. Wengi humu mna ndugu anayesafishwa damu mara 3 kwa wiki. Basi niseme mapema. Umbo la figo linachapika hata leo. Figo inayochuja damu, bado.

Printa yenyewe haina uchawi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Thomas Boland wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, alichukua printa za ofisini, zile za kurusha wino, akatia seli badala ya wino. Seli zikatoka zikiwa hai. Siku hizi nyingi ni bomba la sindano linaloongozwa na kompyuta, linakamua jeli yenye seli mstari juu ya mstari, kama mpambaji wa keki.

Shida ni njaa. Seli ikikaa zaidi ya milimita 0.2 hivi kutoka kwenye mshipa wa damu, oksijeni haiifikii vya kutosha. Bana karatasi mbili za daftari: ni unene huo tu! Chapa kipande kikubwa kama ndimu bila mishipa, ndani kitakufa. Ndiyo maana gegedu, ile nyama ngumu kiasi inayolipa sikio umbo, imetangulia, maana yenyewe huishi bila mishipa ya damu. Mwaka 2022 kampuni ya 3DBio Therapeutics ilitangaza kuwa mwanamke mmoja amepandikizwa sikio la nje lililochapwa kwa seli zake mwenyewe. (Vile vibofu vya mkojo vya daktari Anthony Atala wa Marekani vya mwaka 2006, ambavyo husemwa vilichapwa, havikuchapwa. Seli zilipandwa kwa mkono.)

Kazi ninayoipenda mimi ni ya sukari. Mwaka 2012, Jordan Miller na wenzake katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania walipika sukari ikawa ngumu kama pipi, wakaichapa mithili ya wavu, wakaipaka utando mwembamba, kisha wakaimiminia jeli yenye seli. Jeli ilipoganda, sukari ikayeyushwa ikatoka, ikaacha mifereji mitupu. Wakapitisha damu humo. Seli za ini zilizokaa katikati, ambazo zingekufa, zikaendelea na kazi.

Mwaka 2019, Miller akiwa Chuo Kikuu cha Rice, yeye na mtafiti mwenzake Kelly Stevens walitumia mwanga kugandisha jeli. Mwanga ulipenya mno ukaziba mifereji, wakahitaji rangi ya kuuzuia isiyoua seli. Wakaipata jikoni: tatrazini, ile rangi ya manjano ya vyakula. Wakatengeneza kifuko kidogo mfano wa pafu. Hewa inaingia na kutoka, damu inazunguka pembeni ikiokota oksijeni.

Ila kifuko ni kimoja. Figo moja ina vichujio kama milioni 1, kila kimoja na kishada chake cha mishipa myembamba kuliko unywele. Kwa hiyo mtu akikwambia figo ya printa inauzwa mahali, usimpe hata shilingi, na mgonjwa wako asiache kwenda kusafishwa damu.

Dada wa mstari wa pili, umenyoosha mkono tangu nilipotaja sukari. Karibu, uliza.