Njia ipi imebeba zaidi? Kulinganisha athari mbili za kupitia katikati kwa R

Asalaam alaykum. Leo data yetu ni ya kina mama wanaolima mwani Jambiani. Namba nimezitunga mwenyewe kwa ajili ya somo, kwa hiyo usizinukuu kwenye tasnifu yako.

Tunauliza hivi: mafunzo yanapandisha kipato cha mwezi kwa njia ipi zaidi, ujuzi wa kuchagua mbegu, au saa za kazi shambani maji yakitoka? Hizi ndizo njia za katikati: mafunzo yanaigusa kila moja, nayo inagusa kipato.

Fungua lavaan, kifurushi cha programu ya takwimu R. Mshale (yaani athari) wa mafunzo kwenda ujuzi uite a1, wa kwenda saa uite a2. Kwenye mstari wa kipato, ujuzi upe b1, saa b2, na mafunzo yenyewe yaingie pia. Ongeza `ujuzi ~~ saa`. Wengi huuruka mstari huu, na vigeu hivi viwili mara nyingi huenda pamoja.

Sasa zidisha a1 kwa b1, na a2 kwa b2. Mafunzo yameongeza alama 4 za ujuzi, na kila alama ina shilingi 5,000: jumla 20,000. Yameongeza saa 3, kila saa 4,000: jumla 12,000. Umeona? Alama zimepotea, saa zimepotea, zimebaki shilingi tupu. Ndiyo maana unaweza kuzilinganisha njia hizi hata kama vipimo vyake havifanani.

Hapa ndipo watu wanapoteleza. Njia ya ujuzi ina masafa ya asilimia 95 (mipaka ya makadirio yetu) kutoka 9,000 hadi 32,000; sifuri haimo. Njia ya saa ni kutoka −1,000 hadi 25,000, sifuri imo, yaani huenda haina athari. Mtu anakimbilia kuandika "ujuzi una nguvu kuliko saa". Hapana, bwana! Hujaipima tofauti yenyewe. Andika:

`tofauti := a1*b1 - a2*b2`

Endesha `sem` ukiweka `se = "bootstrap"` na `bootstrap = 5000`. Kompyuta itachota sampuli upya mara 5,000, kwa sababu zao la namba mbili aghalabu halikai kwenye umbo la kengele ambalo hesabu ya kawaida ya masafa hulitegemea. Weka chai jikoni, itachukua muda.

Ikimaliza, ita `parameterEstimates`. Tofauti ni 8,000, masafa −9,000 hadi 25,000. Sifuri imo ndani, basi data hii haitoshi kusema njia moja imeishinda nyingine. Wala haisemi kuwa ziko sawa.

Angalia na alama za kujumlisha na kutoa. Njia moja ikiwa hasi na nyingine chanya, kutoa kutakuza tofauti bure. Linganisha ukubwa wake kwa `abs(a1*b1) - abs(a2*b2)`.