Biskuti za Karanga za Mwaka Mpya wa Kichina, Kutoka Jikoni la Ipoh

ELIA: Karibuni tena jikoni, wasikilizaji. Leo sijapiga hata hodi nikajua tunapika nini, harufu ya karanga imenipokea kule chini kwenye ngazi. Shikamoo, dada Zuhura.

ZUHURA: Marahaba, mdogo wangu. Pita, vua viatu, nawa mikono. Hizo karanga zimetoka kwenye oveni sasa hivi, usiziguse. Leo tunapika biskuti za karanga za Mwaka Mpya wa Kichina, nilizofundishwa Ipoh nilipokuwa nasoma Malaysia.

ELIA: Ipoh ni wapi hasa?

ZUHURA: Kaskazini ya Kuala Lumpur, jimbo la Perak, kama saa mbili na nusu kwa treni. Ni mji uliokuzwa na machimbo ya bati. Wachina walikuja kwa wingi kuchimba, wakabaki, na mpaka leo ukiingia sokoni utasikia Kikantoni. Halafu jirani pale kuna Menglembu. Mmalaysia ukimtajia Menglembu, kichwani mwake inakuja karanga.

ELIA: Kama sisi ukitutajia Lushoto, tunawaza matunda na mboga.

ZUHURA: Hivyo hivyo. Mimi nilipanga chumba kwa bibi mmoja ambaye wajukuu walimwita Po Po, yaani bibi mzaa mama kwa Kikantoni. Na mimi nikamwita Po Po. Wiki mbili kabla ya sikukuu jikoni kwake hapakaliki. Kuna biskuti za nanasi, kuna zile nyembamba zinazokunjwa zikiwa moto, na hizi za karanga, anaziita fa sang peng. Zinapangwa kwenye makopo ya plastiki yenye vifuniko vyekundu, mpaka juu ya kabati.

ELIA: Sikukuu yenyewe inakuwa lini? Naona kila mwaka tarehe inabadilika.

ZUHURA: Wanafuata mwezi kama sisi na Idi, ila wao kila baada ya miaka michache wanaongeza mwezi mzima ili sikukuu isihame majira. Kwa hiyo haitoki nje ya tarehe 21 Januari na 20 Februari. Mwaka 2026 ni tarehe 17 Februari, mwaka wa Farasi. Zinasherehekewa siku 15, na siku zote hizo wageni wanaingia na kutoka. Ndiyo maana makopo yanakuwa mengi.

ELIA: Na karanga zimeingiaje kwenye sikukuu?

ZUHURA: Kwa jina. Kwa Kichina sanifu karanga ni huasheng. Hua ni ua, sheng ni kuzaa, au uhai. Wewe umewahi kulima karanga?

ELIA: Nyumbani Dodoma, sana tu. Ua likishachavuka linatoa kikonyo, kinainama, kinaingia ardhini, na karanga inazalia humo.

ZUHURA: Basi jina limebeba jambo hilo hilo. Wana jina jingine pia, tunda la maisha marefu. Kumwekea mgeni karanga ni kumtakia umri mrefu. Na zao lenyewe si la kwao wala si letu, asili yake Amerika ya Kusini. Lilivuka bahari na mabaharia wa Ulaya kuanzia karne ya 16, likafika Afrika na likafika China. Mimi nikila biskuti hii nasikia kashata ndani yake, na nadhani sababu ni hiyo.

ELIA: Haya, tuingie kazini. Karanga hizi ulizichaguaje?

ZUHURA: Moja moja, kwenye ungo, na hapo sina mzaha. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, natupa. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa moto wa jikoni, usijidanganye kwamba ukikaanga imekwisha. Karanga ikiwa na harufu ya uvundo duka zima, toka, nenda duka jingine.

ELIA: Baada ya kuchagua?

ZUHURA: Gramu 300. Naziweka kwenye trei, moto wa nyuzi 160, nazigeuza kila baada ya dakika chache mpaka zigeuke rangi ya asali. Zikipoa nazisugua viganjani, maganda yanatoka, kisha napeta. Njoo barazani upete, nione kama Dodoma walikufunza.

ELIA: Sikia hiyo sauti, wasikilizaji. Maganda yote yamekwenda na upepo.

ZUHURA: Vizuri. Sasa kusaga, na hapa ndipo nilipoharibu mara ya kwanza niliporudi nyumbani. Niliwasha blenda nikaiacha inazunguka, nikapata siagi ya karanga. Nikaendelea nayo kwa ubishi, biskuti zikatambaa kwenye trei zikawa chapati moja. Nililia, Elia, maana nilikuwa nimewaalika wenzangu tuliosoma wote. Saga kwa kubonya na kuachia, kubonya na kuachia, kisha chekecha. Ukiwa na kinu, kinu ni bora zaidi. Unataka unga wenye chenga ndogo ndogo.

ELIA: Halafu unachanganya na nini?

ZUHURA: Unga wa ngano gramu 300, sukari ya unga ile ya kupambia keki gramu 150, chumvi kijiko cha chai kasoro kidogo. Chumvi usiipunguze, ndiyo inayoiamsha karanga. Halafu mafuta ya karanga, kati ya mililita 170 na 200.

ELIA: Mbona hujasema maji wala mayai?

ZUHURA: Havimo. Hakuna kinachoshika biskuti hii isipokuwa mafuta, ya chupani na yale yaliyomo ndani ya karanga. Karanga za leo si za jana, nyingine zina mafuta zaidi, kwa hiyo kipimo hakiwezi kuwa kimoja. Mimina robo tatu, kisha ongeza kijiko kimoja kimoja. Tia mkono. Fumba ngumi.

ELIA: Limeshikana.

ZUHURA: Sasa libonyeze kwa dole gumba.

ELIA: Limepasuka, lakini halikumomonyoka lote.

ZUHURA: Basta, weka chupa chini. Hapo Po Po alikuwa anaunyakua mkono wangu kabisa. Unga ukianza kung'aa umeshapitiliza, na usiukande kama wa chapati, utakuwa mgumu. Kusanya tu.

ELIA: Tunaviringa ukubwa gani?

ZUHURA: Kama kitufe kikubwa cha koti. Biskuti moja, mdomo mmoja, kwa sababu ukiing'ata nusu, nusu nyingine inamwagikia nguoni. Sasa chukua hiki.

ELIA: Kifuniko cha kalamu?

ZUHURA: Kisafi, cha jikoni tu, hakijawahi kuandika. Bonyeza katikati, kinaacha duara. Ndani ya duara weka nusu ya karanga. Juu paka kiini cha yai kwa brashi, mara moja tu, kiking'ang'ania pembeni kinaungua. Nyuzi 170, dakika 15 hadi 18.

ELIA: Niliwahi kusikia zamani zilipikwa kwa mafuta ya nguruwe.

ZUHURA: Wapo waliopika hivyo, na wapo bado. Kwa hiyo ukikaribishwa na wewe Mwislamu, uliza, si aibu. Po Po alitumia mafuta ya karanga tangu kabla sijafika, kwa sababu ya majirani zake Wamalay, ambao ni Waislamu. Kopo la kwanza halikuwa la nyumbani kwake, lilikuwa la nyumba ya pili. Na lile kopo halikurudi tupu. Ikija Idi lilirudi na kuih makmur, biskuti zao zenye karanga ndani, zimevikwa sukari nyeupe mpaka huzioni. Mwaka wangu wa kwanza nilitumwa mimi kulipeleka. Yule mama jirani akalipokea kwa mikono miwili, akanusa, akaniuliza, "Hizi ulizikanda wewe?" Nikasema ndiyo. Nilikuwa na miezi minne bila kwenda nyumbani, na nilirudi chumbani nikiwa na raha ambayo sikuwa nayo tangu nishuke kwenye ndege.

ELIA: Oveni inalia.

ZUHURA: Toa trei, weka juu ya meza, uache. Zikiwa moto ni laini, ukizinyanyua zinavunjika. Nusu saa. Na kwenye kopo zitakaa wiki mbili hadi tatu, kesho ndiyo tamu zaidi. Mgeni wako muulize kwanza kama karanga zinamdhuru.

ELIA: Nusu saa ni nyingi, dada.

ZUHURA: Chukua ile ya pembeni, iliyopasuka. Iweke yote mdomoni. Usitafune, ibane na ulimi.

ELIA: Mmh. Imeyeyuka. Dada, imeyeyuka yenyewe.

ZUHURA: Funga mdomo, inamwagika.