Saka Mzizi, Kisha Rudi Mbele: Mhadhara kwa Walimu wa Kiswahili

Ndugu walimu wenzangu, maana ya ufahamu sitairudia, mmeisomea chuoni. Nimekuja na jambo ambalo nimelisema katika semina nyingi na nitalisema hadi liingie madarasani: tunawafundisha watoto kusaka habari katika kifungu cha Kiswahili kwa mbinu zilizotengenezwa kwa ajili ya Kiingereza.

Mwongozo humwambia mwanafunzi: shika neno kuu la swali, kumbuka herufi yake ya kwanza, pitisha macho ukurasani mpaka ulione. Kwa Kiingereza inafaa, kwa sababu maneno yao mengi hubadilika mwishoni. Yetu hubadilika mbele! Swali linasema "nyimbo", kifungu kina "wimbo". Mtoto anayesaka "meno" atapita juu ya "jino" asilione, nasi tunamwekea mkasi na kusema hana ufahamu. Ufahamu anao. Macho yake ndiyo hayajafundishwa pa kutua.

Kitenzi ndicho chenye mtego mkubwa zaidi. Tazameni ubaoni:

"Mwaka huo mzee Juma hakupanda mahindi kwa sababu mvua zilichelewa. Alipanda mtama."

Swali: Mzee Juma alipanda nini? Mtoto anasaka "panda", anaipata, anaona mahindi yako jirani, anaandika mahindi. Kosa lote limo katika "haku". Herufi nne! Na ukanushi wetu haukai mwanzoni siku zote: katika "asiyepanda" na "wasiolipa" umejificha ndani, kwenye "-si-". Kwa hiyo nasema: saka mzizi, kisha rudi mbele yake usome viambishi kimoja kimoja kabla hujaandika jibu. Haraka hadi kwenye mzizi, polepole kwenye viambishi. Lipe darasa ukurasa wa gazeti unaohusu kilimo na mzizi "lim", wauzungushie duara kila wanapouona: analima, mkulima, hawakulima, kilimo. Wakikutana na "mwalimu", waache wabishane kama naye anahusika. Ubishi huo ni somo tosha.

Najua kuna mwenzangu hapo nyuma anayetikisa kichwa: tukiwafundisha kurukaruka watakuwa wavivu, na haraka haraka haina baraka. Mwalimu wangu, matokeo yakibandikwa ukutani, unasoma majina yote kuanzia la kwanza? Unamtafuta mwanao! Kusoma kwa kina kuna wakati wake, na kupitia kwanza hakukuzuii. Mwanasaikolojia Francis Robinson wa Marekani alipochapisha hatua zake tano za kusoma mwaka 1946, ya kwanza ilikuwa kupitia, ya pili kujiuliza maswali. Kusoma kwenyewe kulikuwa hatua ya tatu. Sisi tunamwacha mtoto asome kifungu kizima mara mbili, tatu, kabla hajatazama hata swali moja. Muda unamwishia. Nimesahihisha karatasi ambazo sehemu ya ufupisho ni nyeupe kabisa, na inaniuma, kwa sababu huyo mtoto hakushindwa kufupisha. Hakufika.

Kuhusu kupitia juujuu niseme kwa ufupi, maana mwenyekiti ananitazama. Kichwa cha habari, aya ya kwanza, sentensi ya mwanzo ya kila aya, aya ya mwisho. Kwa gazeti na kitabu cha jiografia mara nyingi inatosha. Kwa hadithi msithubutu, msimulizi huficha jambo lake. Kwa shairi la tarbia, lile la mishororo minne kila ubeti, anzeni na mshororo wa nne wa kila ubeti, hasa ukiwa kibwagizo kinachorudiwa. Hapo ndipo mtunzi anapokazia.

Suala la darasa lenye kitabu kimoja kwa dawati zima lilihitaji mhadhara wake, leo halitapata nafasi. Ila hili mnaliweza bila kitabu: andikeni kifungu ubaoni, kifunikeni kwa khanga, wasomeeni maswali kwanza, ndipo mkifunue kwa muda mfupi na kukifunika tena. Anayebisha ajaribu hili na darasa la sita wiki hii, kisha aje tuzungumze.