Umeme Ukikatika, Samaki Hutaka Pumzi Kuliko Blanketi

Mwadila wote! Naona wengine mmekuja na watoto, na mmefanya vizuri, maana wao ndio wenye tangi. Sisi wazazi kazi yetu ni kununua luku.

Nimeombwa nizungumzie tangi la samaki nyumbani pale umeme unapokatika. Ukitafuta maelekezo mtandaoni, mengi yameandikwa na watu wa nchi za baridi, na jambo la kwanza wanalokuambia ni kulizungushia tangi blanketi. Kwao ni sahihi. Nyumba ikikosa umeme usiku wa Januari huko Ulaya, samaki wa maji ya joto wanaweza wasione asubuhi. Lakini hapa Mwanza, hata Julai upepo unapovuma, sebule haifikii baridi ya namna hiyo, na maji ya lita mia hupoa polepole sana. Samaki atavumilia. Kinachomuua samaki wa mitaa yetu ya Nyegezi na Buhongwa ni kukosa pumzi, na blanketi likitandikwa hadi juu ya tangi linamzibia hata ile kidogo iliyobaki.

Hili la pumzi naomba tulielewe vizuri. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na huku juu hewa ina mgandamizo mdogo kuliko pwani. Maji ya nyuzi 25 yaliyoshiba oksijeni hapa Mwanza hubeba takriban miligramu 7 kwa lita. Dar es Salaam, maji ya joto hilohilo hubeba zaidi ya 8. Sasa hewa mnayovuta humu ukumbini, lita moja ina oksijeni zaidi ya mara thelathini ya ile iliyomo kwenye lita ya maji. Samaki anaishi kwa kidogo sana, jamani. Tena maji yakipata joto hubeba pungufu, huku samaki mwenyewe akihitaji zaidi. Ndiyo maana mimi huogopa umeme kukatika mchana wa jua kali la Septemba kuliko usiku wa baridi.

Oksijeni huingilia usoni pa maji. Wengi hudhani mapovu ya pampu ndiyo yanayoijaza. Mapovu huchangia, lakini kazi yake kubwa ni kuyapandisha maji ya chini yakutane na hewa. Pampu ikizimika, maji ya juu yanabaki na pumzi na ya chini yanaishiwa.

Wavuvi wanalijua jambo hili bila darasa. Kuna majira maji ya kina cha ziwa hayachanganyiki na ya juu, yakaishiwa oksijeni. Upepo ukiyapandisha kwa ghafla, mnasikia samaki wanaelea. Sangara huwa wa kwanza kutaabika, kwa sababu anataka oksijeni nyingi. Sato ni mvumilivu. Kambale ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, na kamongo ana mapafu kabisa: ukimzuia asifike usoni pa maji, anakufa maji, na yeye ni samaki!

Kwa hiyo jua unafuga nani. Beta, yule samaki mdogo wa mapambo, huvuta hewa kama kambale, huyo mwache alale. Samaki wa dhahabu anachafua maji haraka. Wenye furu, wale samaki wadogo wa ziwa letu, hasa wa kwenye miamba, kumbukeni wametoka mahali ambapo mawimbi hayapumziki. Na kwa wanaodhani samaki wa mapambo lazima atoke ng'ambo: furu wa Ghuba ya Mwanza aliyeelezwa na wanasayansi mwaka 1985 akapewa jina la Mwalimu, Pundamilia nyererei, anafugwa Ulaya na Marekani na watu ambao hawajawahi kuliona ziwa hili.

Sasa umeme umekatika, ufanye nini? Fungua kifuniko. Usilishe: samaki mzima mwenye afya anakaa siku kadhaa bila chakula, na chakula kinachooza kinakula oksijeni ileile. Chota maji ya tangi kwa jagi, inua kama futi moja, mimina taratibu, dakika chache kila nusu saa. Inachosha, lakini inafanya kazi. Ukiwaona wote wamepanda juu wanahema midomo wazi, usingoje nusu saa.

Ukiwa na fedha kidogo, nunua pampu ndogo ya hewa inayotumia waya wa kuchajia simu. Ya wati mbili, kwenye pawabenki nzuri ya mAh 10,000, inakufikisha asubuhi. Hata pampu ya kawaida, iweke juu kuliko usawa wa maji, au mpira wake uwe na vali ya kuzuia maji kurudi. Bila hivyo, ikizimika maji yanaweza kufuata mpira hadi kwenye ekstensheni. Jenereta ikae nje kabisa, mbali na madirisha, maana moshi wake unaua watu.

Lakini nimeona matangi yaliyovuka usiku salama, samaki wakafa umeme uliporudi. Hapo naomba mkae nami kidogo. Ndani ya filta wanaishi bakteria wanaoondoa amonia, sumu inayotoka kwenye kinyesi na mashavu ya samaki. Nao wanavuta oksijeni. Filta ya kufungwa, ile isiyopitisha hewa, ikisimama kwa saa kadhaa, wanaanza kufa, uchafu unaozea humo, na umeme ukirudi uozo wote unamwagwa kwenye tangi. Tena maji yaliyokosa hewa hujaa kaboni dayoksaidi, ambayo huyafanya yawe na asidi kidogo, na amonia katika hali hiyo haina ukali mkubwa. Pampu ikirudi, kaboni dayoksaidi inatoka, na amonia ileile inakuwa kali. Kwa hiyo umeme ukikatika, chomoa filta, toa sponji uiweke ndani ya tangi lenyewe. Kabla ya kuwasha, suuza filta kwenye ndoo ya maji ya tangi. Maji ya bomba yana klorini, yatawamaliza bakteria waliobaki.

Kaka pale nyuma anauliza atajuaje tangi lake litastahimili muda gani. Zima pampu mwenyewe, Jumamosi mchana, ukiwa umekaa hapohapo, uone samaki wanaanza kupanda juu baada ya muda gani. Wakipanda ndani ya saa moja, usikimbilie kununua betri. Tangi limejaa mno, gawa samaki. Najua wauzaji hawapendi kusikia hivyo, na mmoja ananitazama vibaya sasa hivi.

Na mama aliyeuliza kuhusu siku inayofuata: badili robo ya maji kwa maji yaliyolala kwenye ndoo wazi tangu jana yake, lisha nusu ya kawaida kwa siku mbili tatu mpaka bakteria waongezeke tena. Wakiendelea kuhema juu wakati pampu inafanya kazi, shaka amonia, badili robo nyingine.