Chapa Inayopita kwenye Kitanda cha Mfumi

Habari za jioni. Asanteni kwa kuja, na kwa kukubali kusogea karibu na meza. Nilivyokuja navyo ni vitu vya kushikwa. Kipande hiki cha pamba kitazunguka mikononi mwenu ninapozungumza. Kitazameni, kisha kigeuzeni.

Mimi nachapa picha na nafuma vitambaa. Wachapaji wakiona kazi zangu husema ni nguo, na wafumaji husema ni chapa. Zamani iliniuma. Siku hizi nawajibu kwamba wote wameona sawasawa, kwa kuwa chapa yangu haijakamilika mpaka ifumwe.

Nikichonga ubao, nikaupaka wino kwa rola na kuukandamiza kwenye karatasi, picha hutoka yote kwa mara moja. Kazi ilikwisha wakati wa kuchonga. Nakala ya 1 na ya 20 zinapaswa kufanana, na isiyofanana hutupwa. Kitandani, yaani kwenye kitanda cha kufumia, mambo ni mengine kabisa. Unapitisha mshindio, yaani uzi unaokatiza, unaushindilia, unapitisha mwingine. Huwezi kurukia katikati ya picha kwa sababu katikati hapajawa na kitambaa bado.

Nami huzikutanisha njia hizi mbili hivi. Natanda mtande wangu, yaani nyuzi za urefu zinazovutwa kitandani, nyuzi 12 kwa kila sentimita. Kabla ya kufuma naupitishia mishindio ya muda, michache, iliyoachana sana, ya kuushikilia tu usitawanyike. Halafu nachapa juu ya nyuzi hizo. Rangi ikikauka na kushika, naichomoa ile mishindio ya muda mmoja mmoja, na sasa nina picha iliyolala juu ya nyuzi zisizofungamana na chochote. Hapo ndipo naanza kufuma. Mbinu hii ni kongwe. Wafumaji wa hariri wa Ufaransa waliitumia katika karne ya 18, na nguo zao zina maua ambayo kingo zake zimefifia kama yanayoonekana ndani ya maji.

Mara ya kwanza nilitumia wino wa mafuta, ule ule wa karatasi. Usiku kucha nyuzi ziligandana. Asubuhi nilipojaribu kuufungua mtande ili mshindio upite, zilipanda zimeshikana tatutatu, nyingine zikakatika kwenye vitanzi vinavyoziinua. Mtande mzima ukaharibika. Niliumia sana, lakini siku ile nilielewa kwamba kwenye karatasi wino hukaa juu, ilhali uzi unataka rangi iingie ndani yake na kuuacha ubaki uzi. Tangu hapo natumia rangi ya nguo iliyofanywa nzito kwa aljineti, unga utokanao na mwani, kisha naipitisha kwenye mvuke ili ishike na kuosha ule uzito utoke.

Aliye na kitambaa sasa hivi, tazama ukingo wa ule mduara mweusi. Umechanikachanika. Ubao wangu ulikuwa na mduara safi kabisa. Nilipozungusha mtande kwenye gogo la kitanda, baadhi ya nyuzi zilivutika kuliko nyingine, na kila uzi ukaipeleka sehemu yake ya picha milimita mbili au tatu mbele au nyuma. Na weusi wake je? Ni kama kijivu. Katika ufumaji wa kawaida wa juu-chini, kila uzi wa mtande huonekana nusu tu ya njia yake. Nusu nyingine umefunikwa na mshindio, na mshindio wangu ulikuwa mweupe. Chapa imegawana nafasi na uzi ambao haukuchapwa kamwe. Hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote katika kazi hii.

Wapo waliokutanisha picha na ufumaji kwa lengo jingine. Mwaka 1839 huko Lyon, Ufaransa, ilifumwa picha ya hariri ya Joseph-Marie Jacquard, kwa kitanda cha aina aliyoibuni mwenyewe, kikiongozwa na kadi zilizotobolewa zipatazo 24,000. Watu waliitazama wakaamini ni chapa ya karatasi. Ni ustadi wa ajabu, lakini pale ufumaji umejificha, na mimi nataka uonekane.

Naye mfumaji Anni Albers, aliyeingia Bauhaus, shule ya sanaa ya Ujerumani, mwaka 1922 na kufuma kwa miongo mingi, alifika kwenye karakana ya uchapaji ya Tamarind huko Los Angeles mwaka 1963 akimsindikiza mumewe, Josef. Akakaribishwa ajaribu litografia, uchapaji wa picha iliyochorwa juu ya jiwe au bamba. Akachora mistari inayopindana na kupitana kama uzi uliofunguka, na miaka michache baadaye akaacha kitanda na kubaki na chapa. Namheshimu sana. Ila nikizitazama chapa zake, mikono yangu hutamani kuufuata ule mstari upande wa nyuma, na karatasi haina nyuma.

Ingawa karatasi nayo inaweza kuwa uzi. Wajapani wana shifu: karatasi ya mti wa kozo hukunjwa, ikakatwa vipande vyembamba bila kufika kwenye kingo, ikaloweshwa kidogo na kuviringishwa juu ya jiwe, kisha kingo zikachanwa kwa kupishana hadi ukurasa mzima ukawa uzi mmoja usiokatika. Karatasi zilizoandikwa nazo zilitumika, na wino ukabaki kwenye nguo kama madoadoa. Nimeanza kufanya hivyo kwa zile nakala nilizokuwa nazitupa kwa kutofanana na wenzake. Sasa ndizo mishindio yangu.

Naona kitambaa kimefika mstari wa nyuma. Pembeni kabisa pameshonwa 3/5 kwa uzi mwekundu: ubao mmoja, mitande mitano, na hakuna miwili iliyofanana. Hizo nyingine nne zipo hapa mezani. Karibuni mzipange pamoja.