Daftari la Dukani Linamjua Mwenye Njaa

Assalaam aleikum. Hamjambo nyote. Mwenyekiti ameniomba nizungumze juu ya wafanyabiashara na wenye shida, akanipa dakika ishirini. Nimekuja na kitu kimoja tu, hiki hapa. Walio nyuma hamkioni vizuri: ni daftari la kurasa mia mbili, jalada limeshatoka, nimelishona kwa uzi wa gunia. Naona wenye maduka mnacheka. Mmelijua.

Hili ni daftari langu la mkopo la mwaka 2020. Duka langu liko Mji wa Kale, Mombasa, na mnakumbuka Mei ya mwaka ule. Serikali ilitufunga kwa ajili ya korona, sisi na wenzetu wa Eastleigh kule Nairobi, hakuingia mtu, hakutoka mtu. Tena ilikuwa Ramadhani. Mwenye kukaanga viazi karai hana wa kumuuzia, anayewatembeza wageni Fort Jesus hana mgeni, kibarua wa bandarini hawezi kuvuka kwenda kazini. Wote hao wana watoto, na wote wakaja kwangu na neno lile lile: "Niandikie."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye shina la maneno yangu. Kabla mtu hajafungua mdomo kusema nimekwama, daftari limeshasema. Aliyekuwa akichukua pakiti ya unga ya kilo mbili anaanza kuchukua ya kilo moja. Mafuta ya chupa yanageuka mafuta ya kupima. Aliyekuwa akimaliza deni kila Ijumaa anatoa nusu, kisha robo, kisha anamtuma mtoto aje yeye. Halafu siku moja jina linakatika. Haji tena. Anapitia uchochoro wa nyuma ili nisimwone, kwa sababu ana haya. Mimi nimejifunza kwamba anayekopa bado ana nguvu. Wa kumtafuta ni yule aliyeacha kukopa.

Wiki moja hivi baadaye misaada ikaja. Sitataja nani aliileta, na walioleta walikuwa na nia njema, Mungu awalipe. Pakiti za unga, mchele, mafuta, sabuni. Watu wakapangwa mstari, picha zikapigwa. Katika daftari langu, ukurasa wa 14, kulikuwa na mama aliyefiwa na mumewe, yuko ndani ya eda. Mtu wa eda atasimama vipi kwenye mstari mbele ya kamera? Hakupata kitu. Lakini jirani yangu mwenye nyumba tatu za kupangisha alipata, kwa kuwa alikuwa barazani gari lilipopita! Na mimi, niliyekuwa nimewakopesha watu wale wale tangu Machi, rafu zangu zikakaa na unga usionunuliwa huku wa jumla ananidai. Siku ile nilikaribia kufunga duka. Ningefunga, wangekopa wapi pakiti zile zikiisha?

Sisemi michango mikubwa ni mibaya. Julai 2011, ukame ulipoibana Turkana, Safaricom Foundation, benki ya KCB, wenye vyombo vya habari na Msalaba Mwekundu walianzisha Kenyans for Kenya. Walilenga shilingi milioni 500 kwa mwezi mmoja, na hazikufika wiki mbili lengo likapitwa. Watu walituma kwa M-Pesa, na mwenye shilingi kumi alituma kumi yake. Hilo lilikuwa jambo la fahari. Ila kukusanya ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mlangoni kwa mtu, na mlango huo kampuni kubwa haiujui.

Kule Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyoko Turkana, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilijaribu njia nyingine mwaka 2015. Sehemu ya mgao wa chakula wakaigeuza pesa za kwenye simu, wakaiita Bamba Chakula. Mkimbizi anaingia duka lenye mkataba, la mkimbizi mwenzake au la mwenyeji, anachagua mwenyewe: leo maharagwe, kesho maziwa. Muuzaji naye akapata biashara. Mimi nilipoisikia nilisema, naam, hawa wamelielewa duka.

Lakini tusijisifu kabla ya wakati. Kule kule, mkopo uligeuka kamba. Familia zilikula kwa deni kabla ya mwezi kufika, na wako wenye maduka waliochukua laini za simu za wateja kama rehani. Pesa ikiingia, inaingia mkononi mwa muuzaji. Mteja hawezi tena kwenda duka jingine hata bei ikiwa mbaya. Baadaye pale Kalobeyei, makazi ya wakimbizi karibu na Kakuma, baadhi ya familia zikaanza kupewa pesa taslimu kupitia benki, watumie watakavyo, kwa sababu hiyo na nyinginezo. Nayasema haya kwa kuwa humu ukumbini wamo wanaoshika vitambulisho vya wateja. Msinitazame hivyo. Mnajijua.

Waturuki wana desturi ya tangu enzi za Uthmaniya. Ramadhani, mwenye uwezo anaingia duka la mtaa asikojulikana, anaomba daftari la madeni, anasema: nijumlishie kurasa tano za mwanzo, tano za katikati, tano za mwisho. Analipa, zinafutwa, anaondoka. Hamjui aliyemlipia, na aliyelipiwa hamjui yeye. Hakuna mstari wala kamera, na mwenye duka anapata mtaji wa kurudi kwa wa jumla.

Ombi langu kwa wenye maduka ya jumla na wenye magari ya mizigo mlioketi mbele ni hilo hilo. Badala ya gari la pakiti, njooni na pesa mlipe kurasa. Najua swali lenu: na mwenye duka akiandika madeni hewa? Ataandika, wapo. Ndiyo maana kila mstari uwe na sahihi au dole gumba la mteja, ukurasa uwe wa mwezi uliopita, na mzee mmoja wa mtaa na mama mmoja wa chama wakae nao wausome kwanza. Hao wawili ndio pia watakaobisha hodi kwa yule aliyeacha kuja. Na mwenye duka atoe chake: ukilipiwa ukurasa, punguza kidogo katika deni, kwa kuwa umepata pesa uliyokuwa umeshaikatia tamaa.

Daftari la mwaka huu ninalo pia, limo kwenye mfuko huu. Majina nimeyabandikia karatasi, jumla ziko chini ya kila ukurasa. Nitalifungua hapa mezani wakati wa chai. Ukurasa wa 31 ni shilingi 2,340, na mwenyewe ana siku kumi na moja hajapita dukani kwangu.